Injini ilizima Pasifiki, hasara ikatua shambani: kisa cha Maersk Saltoro na kontena 1,300 za cheri

Wakuu, kama una mpango wa kuuza chakula cha daraja la juu kwenye masoko makubwa yanayokua huko ng'ambo, basi kisa hiki ukisome mpaka mwisho. Mi nimekifuatilia sana na bado naona watu wanakipitia juu juu, wanasema tu "meli iliharibika, cheri zikaoza", kisha wanafunga mjadala.

Kisa chenyewe ni hivi. Mwishoni mwa Desemba 2024 meli ya makontena inaitwa Maersk Saltoro iliondoka Chile ikielekea bandari ya Nansha, Guangzhou, kusini mwa China. Imebeba kontena zaidi ya 1,300 za cheri, kontena za friji zote. Ratiba ilikuwa ifike siku kumi hivi kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, ambao kwa 2025 uliangukia Januari 29. Katikati ya Januari injini kubwa ikagoma, meli ikabaki inaelea katikati ya Pasifiki, mafundi wanahangaika nayo huko huko baharini. Inakuja kutia nanga Nansha ni katikati ya Februari, karibu mwezi mzima nyuma ya ratiba, sikukuu imepita, watu wamesharudi makazini. Thamani ya mzigo ilitajwa kuwa zaidi ya dola milioni 100. Kontena zilipofunguliwa, matunda hayakuwa ya kuuza tena.

Sasa swali ninalotaka tulichambue ni moja tu: hizo dola milioni 100 na ushee nani alizipoteza? Maana jibu lake halikuandikwa na fundi wa injini. Liliandikwa kitambo, kwenye makaratasi, kabla hata sanduku la kwanza halijapakiwa, na kwa jinsi makaratasi yale yalivyokuwa, sehemu kubwa ya hatari ilikuwa imeshasukumwa kwa mtu ambaye hana uwezo wowote wa kuizuia, yaani mkulima.

Tuanze na kwa nini mzigo wote huo ulikuwa unakimbilia sehemu moja. Chile iko kusini mwa ikweta kwa hiyo cheri zake zinaiva Novemba hadi Januari, wakati ambao kaskazini kote miti imelala na hakuna cheri mbichi ya kushindana nayo. Na kipindi hicho hicho China inajiandaa na Mwaka Mpya wake, familia zinatembeleana, mtu haendi kwa wakwe au kwa bosi mikono mitupu, na boksi la cheri kubwa, nyekundu iliyokolea, zinazong'aa, ndo limekuwa moja ya zawadi zinazoheshimika sana, wekundu wenyewe kule ni rangi ya heri. Hapo ongeza mkataba wa biashara huru kati ya Chile na China ulioanza kazi 2006 ambao umeshusha ushuru wa tunda hilo mpaka sifuri, alafu ongeza tabaka la kati la China lililokuwa linapanuka kila mwaka. Matokeo yake, zaidi ya asilimia 90 ya cheri zinazotoka Chile zinaenda nchi moja. Tisini. Marekani, Brazil, Korea Kusini, India na wengine wote wanagawana kilichobaki.

Wengi wanawalaumu Wachile hapa kwamba walikuwa na tamaa, kwa nini wasitawanye masoko. Mi siwalaumu haraka hivo. Ukiwa una ekari zako na mnunuzi wa China anakulipa vizuri kuliko yeyote duniani, tena anachukua kila unacholeta, utapeleka wapi kwingine? Tatizo lilikuja taratibu. Mcheri ukiupanda leo unasubiri miaka mitatu, minne, mpaka mitano ndo uanze kuvuna cha maana, na baada ya hapo unazaa miaka mingi mfululizo. Kwa hiyo watu walioona bei tamu miaka ya nyuma wakapanda, wakapanda tena, na miti yote hiyo ikaja kuzaa kwa pamoja. Msimu wa 2024/25 Chile ilisafirisha karibu tani 625,000, wakati msimu uliotangulia ilikuwa kama tani 413,000. Ongezeko la nusu nzima ndani ya mwaka mmoja, kwenda soko lile lile, kuwahi sikukuu ile ile. Bei zilianza kuteremka kabla hata Saltoro haijapata shida, hilo watu wanalisahau.

Na ishara zilishakuwepo. Januari 2021, wiki chache kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, mji wa Wuxi ulitangaza kwamba sampuli za cheri zilizoagizwa kutoka nje zimekutwa na chembe za virusi vya korona. Taarifa zikazagaa mitandaoni, wateja wakaziacha cheri zimekaa, bei zikaporomoka ndani ya siku chache, na mzigo mwingine ulikuwa bado uko majini hauwezi kurudi. Hakuna aliyeonyesha kwamba kuna mtu aliugua kwa kula cheri, lakini soko la zawadi halisubiri uthibitisho, mtu hawezi kumpelekea mama mkwe kitu chenye wasiwasi. Msimu uliofuata watu wakaendelea kama kawaida.

Turudi kwenye tunda lenyewe sasa, kwa sababu bila kuelewa tunda huwezi kuelewa kwa nini mwezi mmoja unaua kila kitu.

Cheri ikishachumwa haiivi zaidi. Sio kama ndizi au embe unayoweza kuichuma ngumu ikamalizikia njiani. Ubora wake wa juu kabisa ni siku ile inatoka mtini, baada ya hapo ni kushuka tu, kazi yako yote ni kupunguza kasi ya kushuka. Ndo maana inapozwa kwa maji ya baridi kali ndani ya saa chache baada ya kuvunwa, inapita kwenye mashine za kamera zinazoipima ukubwa na rangi na kuitoa yenye kasoro, inapangwa kwa daraja, J, 2J, 3J na kuendelea, ambapo 3J ni kama milimita 30 kwa upana. Halafu inafungwa ndani ya mfuko maalumu wa plastiki uliomo ndani ya boksi la kilo 5 au la kilo 2.5. Mfuko ule una kazi kubwa: cheri inapumua, inatumia oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, na plastiki imetengenezwa kupitisha hewa kwa kiasi fulani tu, kwa hiyo humo ndani oksijeni inashuka, kaboni dayoksaidi inapanda, tunda linapumua polepole na ukungu nao unachelewa. Ongeza baridi la nyuzi sifuri hivi, basi cheri nzuri iliyofungwa vizuri inakaa wiki tano, sita ikisukumwa sana.

Ukipiga hesabu, meli za moja kwa moja za msimu, wanaziita Cherry Express, zinachukua kama siku 22 au 23 kufika China. Toa siku za kuvuna, kupakia na kukaa bandarini. Unabakiwa na wiki mbili hivi za kupita forodha, kufika soko la jumla, kufika dukani na kukaa mezani kwa mteja bado ina kikonyo cha kijani. Hiyo ndo akiba yako yote. Saltoro ilikaa baharini siku zaidi ya 50.

Watu wengine wanauliza, mbona baridi halikukatika? Na ni swali zuri, maana kwenye meli kontena za friji zinakula umeme wa jenereta, sio moja kwa moja kutoka injini inayosukuma meli, kwa hiyo injini kubwa inaweza kufa na friji zikaendelea. Lakini friji haisimamishi saa. Fikiria boksi moja tu limekaa siku hizo zote: vikonyo vimekauka na kugeuka kahawia, ngozi imepoteza mng'ao, kila mahali tunda liligongwa kidogo siku ya kuvuna pametokeza kishimo, nyama imelegea, na ukifungua mfuko unakutana na harufu ya uchachu kwa sababu tunda lilishaishiwa pumzi. Hata chache zilizosalimika huwezi kuziweka kwenye boksi la zawadi. Na hata zingesalimika zote, mnunuzi aliyekuwa anazitafuta kwa ajili ya Januari 29 hayupo tena. Kwenye biashara hii ubora ni vitu viwili kwa pamoja, hali ya tunda na tarehe, ukikosa kimojawapo umeshatoka daraja la juu.

Sasa tuingie kwenye pesa, na hapa ndo penyewe.

Cheri nyingi za Chile zinakwenda China kwa mali kauli. Yaani mkulima anampa msafirishaji, ile kampuni ya Chile inayopeleka matunda nje, msafirishaji anamtumia mwagizaji wa kule, mwagizaji anaziuza soko la jumla, kwa mfano Jiangnan pale Guangzhou, kwa bei itakayopatikana asubuhi hiyo. Baada ya kuuza mwagizaji anakata kamisheni yake na gharama zake, kinachobaki kinarudi Chile, msafirishaji anakata nauli ya meli, vifungashio, kupoza, kupanga, kamisheni yake na yeye, na malipo ya awali aliyomkopesha mkulima mwanzoni mwa msimu ili alipe wavunaji, ndipo salio linamfikia mkulima. Angalia mpangilio huo vizuri. Kila mtu kwenye mnyororo analipwa kabla ya mwenye shamba, na mwenye shamba ndo mmiliki wa tunda mpaka dakika ya mwisho linapouzwa. Bei ikiwa nzuri mpangilio huu ni mtamu sana kwake, anapata faida yote ya juu, na ndo maana kwa miaka mingi wakulima waliupenda wenyewe. Lakini mzigo usipouzwa kabisa, kwenye mkataba usio na bei ya chini iliyohakikishwa, hesabu inaweza kumalizika mkulima akiwa anadaiwa. Amelima, amevuna, amelipa vibarua, na anaambiwa bado ana deni la malipo ya awali na maboksi.

Chukua kontena moja. La futi 40 linaingia kama tani 20, yaani maboksi 4,000 ya kilo 5. Ukigawa thamani iliyotajwa kwa idadi ya kontena unapata kama dola 77,000 kwa kila moja, iliyojaa kazi ya mwaka mzima ya familia kadhaa.

Bima je? Hapa wengi wanadhani wako salama na hawako. Bima ya shehena inayotumika sana duniani, ile yenye masharti mapana kabisa, wanayaita Institute Cargo Clauses (A), ina kifungu kinachotoa nje hasara iliyosababishwa na ucheleweshaji, hata kama ucheleweshaji wenyewe ulitokana na jambo ambalo bima inalikinga. Yaani meli ikizama na cheri zako, unalipwa. Meli ikifika salama salimini lakini imechelewa mwezi na cheri zimeoza ndani, bima inaweza kukuambia hii ni hasara ya ucheleweshaji, pole. Kwa mwenye mashine au nguo kifungu hicho hakiumi sana. Kwa mwenye tunda la wiki sita hicho kifungu ndo kila kitu, na inawezekana kununua nyongeza ya kukinga ucheleweshaji lakini lazima uiombe kwa jina, uilipie, na ufanye hivyo mapema.

Unabakiwa na mwenye meli. Chile ni mwanachama wa Kanuni za Hamburg za 1978, ambazo tofauti na kanuni za zamani zinataja waziwazi kwamba msafirishaji wa baharini, yaani mwenye meli, anawajibika kwa kuchelewa. Safi. Lakini ukisoma kikomo chake: kwa ucheleweshaji anawajibika mpaka mara mbili na nusu ya nauli ya mzigo uliochelewa, na isizidi nauli yote ya mkataba. Nauli, sio thamani ya cheri. Ukifanikiwa kuonyesha kwamba sio ucheleweshaji tu bali bidhaa imeharibika, kikomo kinabadilika kuwa 835 za sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), ile SDR, kwa kila kifurushi, au 2.5 kwa kila kilo, kiasi kilicho kikubwa ndo kinachukuliwa. Na hapa kuna kitu kidogo kinachotisha: kifurushi ni nini? Kama hati ya shehena imeandikwa "kontena moja", unahesabiwa kwa kilo, tani 20 zinakupa SDR 50,000, ambayo ni dola elfu 60 na kitu, haifiki thamani ya mzigo. Kama imeandikwa "maboksi 4,000", kila boksi ni kifurushi na kikomo kinapaa mpaka hakikusumbui tena. Mstari mmoja tu kwenye karatasi, unaoandikwa na karani wakati kila mtu ana haraka meli iondoke.

Tena hiyo ni kama kesi inasikilizwa mahali panapofuata Hamburg. Mikataba ya kampuni kubwa za meli mara nyingi inasema kesi iende London kwa sheria ya Uingereza, ambako kanuni ni nyingine, za Hague-Visby, vikomo ni vingine, na mwenye meli ana nafasi ya kujitetea kwamba alifanya bidii inayostahili kuhakikisha meli iko sawa kabla ya safari. Sisemi nani ana haki kwenye kesi hii, mi sio hakimu wake na injini inaweza kumgomea mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba msafirishaji mdogo anayeanza kusoma hivi vifungu meli ikiwa tayari inaelea Pasifiki hana cha kubadilisha tena.

Kwa hiyo ramani ya hasara ilikuwa wazi tangu Desemba. Bima imejitoa kwenye ucheleweshaji, mwenye meli ana kikomo, mwagizaji hajanunua chochote bado kwa sababu ni mali kauli, msafirishaji amekata gharama zake kwa mkataba. Anabaki nani?

Kuna hoja moja inanikera nimeisikia zaidi ya mara moja, kwamba kontena 1,300 ni kama asilimia 4 tu ya msimu mzima, na kwa soko lililokuwa limefurika ilikuwa afadhali hizo tani 26,000 zisiingie kabla ya sikukuu kwa sababu zingeshusha bei zaidi. Kwa hesabu ya tasnia nzima labda. Lakini mkulima hauzi kwa niaba ya tasnia. Kuna wenye mashamba ambao sehemu kubwa ya mavuno yao ya kilele ilikuwa kwenye meli hiyo moja, kwa sababu aina walizopanda, tuseme Lapins, zilikuwa tayari wiki hiyo, na meli ile ilikuwa kati ya za mwisho ambazo kwa hesabu zingewahi sikukuu. Kwao ilikuwa karibu mwaka wote.

Na hapo ndo naona kosa la kiutendaji lililokuwa ndani ya uwezo wa wasafirishaji. Kila mtu alitaka meli zile zile za dirisha la mwisho. Msafirishaji anayeshika matunda ya wakulima wengi anaweza kuweka sheria kwamba hakuna mkulima ambaye zaidi ya kiasi fulani cha mavuno yake kitapanda meli moja, hata kama ni usumbufu wa kupanga paleti, hata kama baadhi ya mzigo itabidi uende meli ya pole au soko lingine lenye bei ya chini. Ina gharama, ndio. Utapoteza senti kadhaa kwa kilo kwenye mwaka mzuri. Ila ni gharama unayoijua mapema na unaweza kuigawa kwa wote.

Kingine ni mkataba wenyewe. Mali kauli sio dhambi, lakini mwenye shamba anayekubali mali kauli kwa asilimia 100 ya mavuno anakuwa amechukua nafasi ya mfanyabiashara wa kubahatisha bila kulipwa kwa nafasi hiyo. Sehemu ya mzigo, hata theluthi, iuzwe kwa bei iliyofungwa, umiliki uhame kwa mnunuzi pale bandarini mzigo unapopakiwa, hata kama bei hiyo inaonekana ndogo ukilinganisha na ndoto za Januari. Na kwenye sehemu inayobaki mali kauli, iandikwe nani anakata bima ya ucheleweshaji, nani ndiye mnufaika wake, na malipo ya awali yanafutwa au hayafutwi mzigo usipofika sokoni kwa sababu ambayo sio ya mkulima. Hilo la mwisho mi ningelipigania kuliko yote, maana ndo tofauti ya mtu kupoteza mwaka na mtu kupoteza shamba.

Kuhusu masoko mengine, India inatajwa sana sasa, na nchi za Kusini Mashariki mwa Asia. Ni kweli wanaongezeka, ila tusidanganyane, hakuna hata moja leo linaloweza kumeza tani laki tano na ushee kwa bei ya China, na kujenga soko la tunda la gharama ni kazi ya miaka: mnyororo wa baridi kutoka bandarini mpaka dukani, wauzaji wanaojua kulihifadhi, wateja wanaolijua. Kinachowezekana haraka ni kufikiria tarehe. Mwaka Mpya wa Kichina unahama, 2024 ulikuwa Februari 10, 2025 Januari 29, 2026 Februari 17. Mwaka unaowahi, dirisha linabana na kila siku moja ya kuchelewa inauma maradufu. Tarehe hizo zinajulikana miaka mingi mbele. Kwa hiyo kwenye mwaka wa dirisha jembamba ndo unapaswa kupunguza mzigo unaoulenga usiku ule mmoja, kuongeza kinga ya ucheleweshaji, kupeleka kidogo kwa ndege mapema Desemba na kuweka sehemu ya mavuno kwenye masoko ambayo hayajui hiyo sikukuu kabisa. Kwa ratiba ya 2025 hayo yote yangeweza kuamuliwa mwezi wa sita, maua hayajatoka hata mtini.